Usinunue Simu kwa Ahadi ya "Android Mpya Inakuja"



Wiki hii siandiki habari za mbolea wala viwavijeshi. Naandika habari za simu janja na vishikwambi, kwa sababu malipo ya kahawa yakishaingia najua kinachofuata. Mtu anaegesha pikipiki mbele ya ofisi ya kata, anasalimia, anauliza habari za nyumbani, halafu anatoa swali lenyewe: "Bwana Shamba, nataka kushuka Mbeya kununua simu. Nichukue ipi?"

Kuna mwaka nililijibu swali hilo vibaya, na aliyelipa gharama si mimi. Nitaanza na hilo, ili unapofika kwenye ushauri ujue unatoka wapi.

Kishikwambi cha kikundi

Kikundi kimoja cha akina mama katika eneo ninalohudumia kiliamua kununua kishikwambi. Wako ishirini na wawili. Wanaweka hisa kila Jumatano, wanakopeshana, na wana shamba la pamoja la mahindi. Walitaka kifaa cha kutunzia hesabu za hisa na mikopo, kupigia picha majani yenye ugonjwa ili wanionyeshe, na kuulizia bei ya mahindi huko nje kabla dalali hajafika na bei yake mfukoni. Hayo ni matumizi ya maana, hakuna hata moja la anasa. Waliniomba niongozane nao mjini, nikaenda.

Muuzaji alituwekea vishikwambi viwili mezani. Kimoja kidogo, bei juu, Android yake ya karibuni. Cha pili kioo kikubwa, kinang'aa, bei chini kwa shilingi 70,000, lakini Android yake ilikuwa nyuma kwa matoleo matatu. Niliuliza kuhusu hilo, sikunyamaza. Muuzaji akajibu bila kusita: "Hilo lisikusumbue mwalimu, apdeti yake iko njiani. Mwezi ujao mtaipakua wenyewe, bure."

Nikaamini. Nikawaambia akina mama, chukueni hiki kikubwa.

Mwezi ujao ulifika, ukapita. Kila nilipowatembelea nilishika kile kishikwambi, nikaingia kwenye Mipangilio, nikabonyeza sehemu ya kutafuta sasisho. Kila mara kikajibu kwamba mfumo wake umesasishwa. Nami nikawa nawaambia, vuteni subira, litakuja. Tukasubiri miezi kumi na minne.

Siku moja ile programu ya hesabu ikakataa kufunguka. Ilidai toleo jipya la programu, na toleo jipya halikukubali Android ya kishikwambi kile. Kumbukumbu zote zilikuwa humo, tunaziona kwa mbali kama mbuzi aliye ng'ambo ya mto. Nilijaribu nusu siku, nikashindwa. Ndipo katibu wao, mama mtu mzima ambaye hakupita darasa la saba, akafungua mkoba na kutoa kaunta buku. Hisa zote zilikuwemo, mikopo yote, kila Jumatano na tarehe yake.

Akaniambia kwa upole, "Mimi sikuacha kuandika, Bwana Shamba. Ulisema tusubiri, lakini sikujua tunasubiri nini."

Fedha ya wanachama haikupotea, shukrani kwa mama huyo. Kilichopotea ni bei ya kishikwambi, ambayo ingenunua mbolea ya kupandia na kukuzia ya shamba lao lote. Kikapotea na kitu kingine. Msimu uliofuata nilipowashauri wajaribu aina mpya ya mbegu, mmoja akauliza mbele ya wenzake, "Na hiyo nayo tutaisubiri?" Wakacheka. Nami nikacheka, lakini niliporudi nyumbani sikucheka. Afisa ugani hana bunduki wala hela. Ana neno lake tu, na nililitumia kuuza bidhaa ya mtu mwingine bila kujua inafanyaje kazi.

Kwa hiyo nilikaa chini nikajifunza.

Kwa nini sasisho halikuja

Android inatengenezwa na Google ya Marekani. Kila mwaka hutoa toleo moja kubwa lenye namba mpya: 13 mwaka 2022, 14 mwaka 2023, 15 mwaka 2024. Wengi tunadhani likishatoka huko linashuka moja kwa moja kwenye simu zetu, kama mvua inavyoshuka kwenye mashamba yote. Haliendi hivyo.

Linapita kwenye mikono kadhaa. Kwanza kampuni inayotengeneza chipu ya simu lazima iandae programu za kuendesha chipu hiyo kwenye toleo jipya. Kisha kampuni iliyotengeneza simu yenyewe inachukua toleo hilo, inaweka sura na programu zake, inalijaribu kwa kila modeli, halafu inalituma. Yeyote kati yao akisema modeli hii hatuihudumii tena, safari imeishia hapo. Google haiwezi kukuletea toleo zima kwa kumruka aliyetengeneza simu yako.

Sasa jiulize kama mfanyabiashara. Kampuni imekuuzia kishikwambi kwa faida ndogo. Kuandaa toleo jipya kwa modeli hiyo ni kazi ya wataalamu wanaolipwa mishahara, na sasisho unapewa bure. Ina sababu gani ya kuhangaika, wakati mwakani inataka kukuuzia kingine? Ndiyo maana simu na vishikwambi vingi vya bei ya chini hupata toleo moja jipya, au havipati kabisa. Muuzaji wa dukani hana habari hizo, na pengine hakudanganya kwa makusudi. Alisema tu kile ambacho mteja anapenda kusikia.

Na yale maneno kwamba "mfumo umesasishwa", yaelewe vizuri. Maana yake si kwamba simu yako ina kitu kipya kabisa. Maana yake ni kwamba aliyeitengeneza hana kitu cha kukutumia leo. Simu iliyotelekezwa miaka minne inaweza kukujibu maneno hayohayo kila asubuhi. Hilo ndilo lililonidanganya miezi kumi na minne.

Sasisho si la aina moja

Tukisema apdeti tunachanganya vitu vitatu. Nitavitenganisha kwa lugha ya shamba.

Cha kwanza ni toleo jipya la Android, mfano kutoka 13 kwenda 14. Hii ni kama kubadili aina ya mbegu. Kuna mambo mapya, lakini mbegu ya zamani bado inazaa. Usipolipata mwaka huu hutakufa njaa.

Cha pili ni sasisho la usalama. Google hutoa taarifa ya marekebisho ya usalama kila mwezi tangu mwaka 2015, na watengenezaji wa simu huyapeleka kwa wateja wao kwa kasi tofauti: wengine kila mwezi, wengine kila baada ya miezi mitatu, wengine wanakaa kimya. Hii ni palizi. Haionekani, haipendezi machoni, lakini ukiiacha magugu yanashika shamba. Matundu anayoyatumia mwizi kuingia kwenye simu huzibwa kwa masasisho haya.

Cha tatu ni masasisho ya programu moja moja kupitia Play Store: WhatsApp, programu ya benki, programu ya hesabu. Haya huja hata kama simu imetelekezwa, mpaka siku programu itakaposema, Android yako ni ya zamani mno. Mfano ulio wazi ni WhatsApp. Oktoba 2023 ilianza kuhitaji Android 5.0 kwenda juu. Android 5.0 ilitoka mwaka 2014, kwa hiyo WhatsApp ilivumilia miaka mingi. Programu nyingine hazina uvumilivu huo, hasa zile za fedha.

Ukielewa tofauti hiyo, maoni yangu ni haya: acha kusubiri toleo jipya, anza kuulizia sasisho la usalama. Sisi tulikuwa tunasubiri mbegu mpya wakati shamba limejaa magugu.

Mambo matano ya kukagua kabla hujatoa fedha

Mbegu hununui bila kusoma lebo. Unatazama tarehe, unatazama lebo ya TOSCI, ndipo unalipa. Simu nayo ina lebo yake, ila imefichwa ndani. Mwombe muuzaji aiwashe. Akikataa kuiwasha, toka dukani, maduka ni mengi.

1. Ingia Mipangilio, shuka mpaka Kuhusu simu, bonyeza Toleo la Android. Hapo utaona namba ya toleo na, chini yake, tarehe ya sasisho la usalama. Tarehe hii ndiyo tarehe ya mwisho ya palizi. Ikiwa ya miezi mitatu minne iliyopita, sawa. Ikiwa ya miaka miwili nyuma na simu inaitwa mpya, imekaa stoo au imetelekezwa. Usikubali maelezo kwamba ukifika nyumbani itajisasisha. Mwambie aunganishe intaneti hapohapo uone.

2. Fungua Play Store, gusa alama ya akaunti juu kulia, ingia kwenye mipangilio yake, kisha Kuhusu. Kule chini pameandikwa kama kifaa kimeidhinishwa au la. Vishikwambi vya kughushi huonyesha namba kubwa ya Android kwenye boksi na hata kwenye kioo, kumbe ndani ni ya zamani iliyopakwa rangi. Kama hakijaidhinishwa, kirudishe mezani. Na hakikisha akaunti ya muuzaji imeondolewa kabla hujaondoka.

3. Piga *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Utajibiwa ni simu ya aina gani. Mkumbuke TCRA ilizima simu bandia tarehe 16 Juni 2016, na watu wengi waliamka asubuhi wakakuta simu zao ni tofali. Ukisoma majibu yanasema modeli nyingine, usinunue.

4. Tazama RAM kwa jicho kali. Boksi linaandika 8GB kwa herufi kubwa, halafu pembeni kwa herufi za siafu, 4GB + 4GB. Hizo nne za pili si RAM, ni sehemu ya hifadhi iliyoazimwa, nayo ni ya polepole. RAM ya kweli ni nne. Kwa matumizi yetu ya WhatsApp, picha na hesabu, nne za kweli zinatosha. Mbili ni kidogo: hata lile toleo jepesi la Android liitwalo Go, tangu Android 13 linataka RAM isiyopungua 2GB, yaani unaanzia kwenye kiwango cha chini kabisa na hakuna pa kukua. Hifadhi ya ndani tafuta 64GB au zaidi, maana sasisho linahitaji nafasi ya kushukia.

5. Uliza swali moja: kampuni iliyotengeneza modeli hii imeahidi masasisho ya usalama mpaka mwaka gani? Muuzaji hatajua, lakini kampuni zenye ahadi huiandika hadharani, na kijana yeyote mwenye bando anaweza kukutafutia hapohapo dukani. Samsung ilipotoa Galaxy A16 mwaka 2024 ilitangaza miaka sita. Google kwa simu zake za Pixel 8 za mwaka 2023 ilitangaza miaka saba. Sisemi ununue hizo, Pixel ina bei ya ng'ombe na ndama wake. Nasema ahadi za namna hiyo zipo, zimeandikwa, zina mwaka. Ahadi isiyo na mwaka ni maneno ya mnadani.

Tahadhari moja. Miaka hiyo inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, siyo tangu siku uliyonunua wewe. Modeli ya mwaka 2021 iliyoahidiwa miaka minne, ukiinunua leo kwa bei ya kutupwa, umenunua mbegu ambayo msimu wake umekwisha.

Rahisi ni ipi hasa?

Tufanye hesabu ya sokoni. Simu ya shilingi 240,000 ambayo palizi yake inaisha baada ya mwaka mmoja, ukitaka kutembea na simu salama utanunua nyingine mwaka ujao. Hiyo ni 20,000 kwa mwezi. Simu ya 420,000 yenye miaka mitano mbele yake ni 7,000 kwa mwezi. Ile uliyoiita ghali ndiyo rahisi, kama hutaiangusha kisimani.

Najua utaniambia, Bwana Shamba, mimi sina 420,000 kwa mkupuo. Nakuelewa, mshahara wangu nao una tarehe. Ndiyo maana nasema hili linalofuata, na najua litawaudhi wauza simu: kama huna fedha ya simu janja nzuri, baki na kiswaswadu mpaka uipate. Usinunue simu janja mbovu kwa aibu ya kuonekana nyuma.

Tazama ni mambo mangapi kiswaswadu kinafanya. Miamala ya M-Pesa unaipiga *150*00#, Airtel Money *150*60#, bila Android yoyote. Ujumbe wa ruzuku ya mbolea unaingia kwenye simu ndogo kama unavyoingia kwenye kubwa. Huduma za serikali ziko kwenye *152*00#, na huko ndiko M-Kilimo iliko. Betri inakaa siku nne na haisubiri sasisho la mtu. Mawakala wengi wa fedha vijijini wanajua siri hii: laini ya kazi iko kwenye simu ndogo, simu janja ni ya WhatsApp na mpira. Hata kama una simu nzuri, nakushauri ufanye hivyo. Mwizi akiingia kwenye simu janja kupitia programu chafu, asiikute laini yenye mtaji wako.

Na programu chafu ndizo hatari yenyewe. Simu ya zamani haishambuliwi kwa uchawi. Mara nyingi mwenyewe ndiye anayefungua mlango: faili limetumwa kwenye kundi la WhatsApp, "pakua upate GB 50 bure" au "mkopo wa haraka bila dhamana", naye anakubali kila linaloulizwa, lisome ujumbe wangu, ndiyo, lione majina yangu, ndiyo. Kwenye simu iliyosasishwa kuna vizuizi kadhaa njiani. Kwenye iliyotelekezwa ni wewe na mwizi tu.

Kwa wale wanaokataa masasisho

Upande wa pili kuna ndugu zetu ambao simu inawaletea sasisho kila mwezi na wao wanabonyeza Baadaye kila mwezi. Ukiwauliza watasema apdeti inaua simu, inakula bando, inamaliza chaji.

Sitawabeza. Yapo yenye ukweli. Toleo zima jipya linaweza kuwa kubwa kuliko GB moja, na likishushwa kwenye simu yenye RAM ndogo na hifadhi iliyojaa video za harusi, simu itakuwa nzito kama punda aliyebebeshwa magunia matatu. Kwa simu dhaifu yenye miaka mitatu, toleo jipya hata likija si lazima ulikimbilie. Waulize kwanza wenye modeli kama yako.

Lakini sasisho la usalama ni jambo lingine. Mara nyingi ni dogo kuliko toleo zima na halibadilishi sura ya simu. Hili lisikupite. Lifanye hivi:

Futa kwanza video usizohitaji, au zihamishie kwenye memori kadi. Hifadhi majina na picha kwenye akaunti yako ya Google. Weka chaji izidi nusu, na kama unatumia sola fanya mchana jua likiwa kali, siyo saa mbili usiku betri ya sola ikiwa inapumua kwa shida. Tumia bando la usiku, au subiri siku unayokwenda mjini kwenye Wi-Fi ya mtu unayemwamini. Ikishaanza kusakinisha, iache. Usiizime katikati, hapo ndipo simu zinapokufa, halafu lawama inapewa apdeti.

Mara moja kwa mwezi yatosha. Mimi naifanya siku ya mnada, nikiwa nasubiri usafiri.

Kama tayari umenunua kitu kama chetu

Usikitupe. Kishikwambi cha akina mama bado kipo. Tulikiondolea laini, tukaondoa akaunti za fedha, tukakiacha kiwe cha picha za shamba na masomo ya video ninayowawekea kwa memori kadi. Simu ya namna hiyo, kama bado inakubali, inafaa pia kwa programu ya Nuru, ile inayotazama jani la muhogo kwa kamera na kukwambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia. Inafanya kazi shambani bila intaneti, na inazungumza Kiswahili. Kifaa kilichozeeka kipe kazi za mzee: kukaa nyumbani na kufundisha. Usikipe kwenda na fedha sokoni.

Na kaunta buku lisikome. Hata kwenye kifaa kipya chenye ahadi ya miaka saba, hesabu za watu ishirini na wawili ziandikwe mahali pawili. Jambo hili sikulijifunza chuoni, nililijifunza kwa mama mmoja mwenye mkoba.

Neno langu la mwisho kwa wakubwa

Mpaka hapa nimekubebesha wewe mzigo wote wa kukagua, kama vile kosa ni lako. Si haki. Mkulima hatakiwi kuwa fundi ndipo asitapeliwe.

Mbegu haiuzwi nchini mwetu bila lebo, na lebo ile haikuletwa na wema wa wauzaji. Ililetwa na sheria, baada ya wakulima wengi kupanda na kuvuna mabua. Kwa nini simu iuzwe bila tarehe? Kampuni inajua itaihudumia modeli ile mpaka lini. Ichapishe kwenye boksi, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: masasisho ya usalama mpaka mwezi fulani, mwaka fulani. Na kama hayapo, iandike hayapo. Si ndoto. Kule Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, simu na vishikwambi vipya vinavyoingia sokoni vina kanuni inayodai masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa. Sisi tungeanza na tarehe tu kwenye boksi. Mamlaka iliyoweza kuzima simu bandia nchi nzima kwa siku moja, hili haliwezi kuishinda.

Mpaka siku hiyo ifike, lebo ni wewe. Ukienda mjini baada ya malipo, nenda na karatasi yenye mambo yale matano. Muuzaji akikwambia Android mpya inakuja, mjibu kwa adabu tu: ikija, nami nitakuja.

Na ukitaka niongozane nawe, bado naongozana na watu. Safari hii nasoma kwanza, ndipo nasema.